Pango la Ghala na Pango la Nyumbani

Leo tunajifunza hesabu inayowapotezea watu fedha. Kwanza maneno mawili. Pango ni fedha tunayomlipa mwenye nyumba. Kodi ya mapato ni fedha tunayoilipa Serikali.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa maharage hapa Kabanga anatozwa kodi kwa faida. Akishatoa bei ya maharage na usafiri, anabaki na shilingi 9,000,000 kwa mwaka. Pango la ghala ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Pango la nyumba anayolala na wanawe ni shilingi 40,000.

Je, atoe yote mawili? Hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu kutoa gharama za kutafutia mapato tu. Ghala linatafuta mapato:

100,000 × 12 = 1,200,000
9,000,000 – 1,200,000 = 7,800,000

Nyumba ya kulala ni matumizi ya nyumbani. Haitolewi, hata akiziba paa linalovuja.

Lakini jamani, stakabadhi! Bila stakabadhi, ile 1,200,000 inaweza kukataliwa. Hapo atatozwa kodi kwa fedha ambayo hanayo tena.

Wenye biashara ndogo wengi wanatozwa kwa mauzo, siyo kwa faida. Kwao pango halitolewi, hata la duka. Hata hivyo watunze daftari, maana asiye na kumbukumbu mara nyingi hulipa zaidi.

Zoezi: Pango la ghala likiwa shilingi 80,000 kwa mwezi, atatoa ngapi kwa mwaka?