Kabla Hujapakua Chombo cha Blokucheni

Mradi wangu wa mwaka wa mwisho nusura ukwame kwa sababu ya video moja. Nilitaka kutengeneza daftari la kikoba juu ya Ethereum: wanachama wanachanga, mwisho wa mzunguko programu inagawa faida yenyewe. Video ikasema tumia Truffle na Ganache, nami nikafuata. Kila kosa nililolitafuta mtandaoni lilinipeleka kwenye majibu ya zamani. Wiki tatu na bando za kutosha zikaenda. Kumbe Consensys walishatangaza Septemba 2023 kwamba wanavifunga vyombo hivyo viwili. Taarifa ilikuwa wazi kabisa. Mimi ndiye sikuangalia tarehe.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kupakua chochote angalia msimbo wa chombo hicho ulibadilishwa lini mara ya mwisho, na kama maswali ya watu bado yanajibiwa. Ni kazi ya dakika tano.

Kama bado unajifunza Solidity, anza na Remix. Inafunguka kwenye kivinjari, husakinishi kitu, na inakupa akaunti zenye etha za bandia za kuchezea. Ila mafaili yake yanakaa ndani ya kivinjari hicho. Ukitumia kompyuta ya maabara na mtu akafuta data za kivinjari, kazi yako imekwenda. Nakili kwenye flashi kila siku.

Ukishakuwa na mradi mzima, utachagua kati ya Hardhat na Foundry. Hardhat inawafaa waliozoea JavaScript, maana majaribio unaweza kuyaandika kwa lugha hiyohiyo. Nilianza nayo, sina ugomvi nayo. Nilihamia Foundry kwa sababu majaribio yake yanaandikwa kwa Solidity yenyewe, na jaribio moja linaweza kurudiwa kwa namba za kubahatisha, mara 256 usipobadilisha mpangilio.

Hapo ndipo nilipoumbuka. Mkataba wangu ulikuwa unagawanya mchango wa mtu kwa jumla ya michango, kisha unazidisha kwa faida. Nilikuwa nimeujaribu kwa mwanachama mmoja tu, ukafaulu. Foundry ikaweka wanachama wawili. Chukua mmoja kachanga 3,000, mwenzake 7,000, faida 2,000. Solidity haina desimali: 3,000 kwa 10,000 ni sifuri, na sifuri mara 2,000 ni sifuri. Wote wawili wanatoka mikono mitupu! Dawa ni kuzidisha kwanza, ndipo ugawanye. Wa kwanza anapata 600, wa pili 1,400.

Kwenye programu ya kawaida ungerekebisha kesho. Mkataba ukishawekwa kwenye mnyororo, msimbo wake haubadiliki, labda uwe uliandaa njia tangu mwanzo. Juni 2016 mtu alitumia kosa la mpangilio wa mistari kwenye mkataba wa The DAO akachota etha zaidi ya milioni 3. Ilibidi Ethereum yenyewe igawanyike ili fedha zirudishwe.

Siku ya kuwasilisha, msimamizi wangu hakuuliza hata neno moja kuhusu Foundry. Aliuliza kwa nini kikoba cha watu ishirini wanaofahamiana kisitumie hifadhidata ya kawaida. Nilibabaika. Hilo nalo lijibu mapema, kabla hujachagua chombo.