Asili ya Skauti, na Alama za Njiani

Wazee wengine huuliza, mtoto apata nini katika uskauti ila fimbo na skafu? Twaona yafaa tueleze asili yake.

Mwaka 1899 Makaburu waliuzingira mji mdogo wa Mafeking, Afrika ya Kusini, kwa muda wa siku 217. Askari walikuwa wachache, basi wavulana wakapewa kazi ya kuchukua barua na habari. (Watu wa kabila la Barolong nao waliulinda mji, na wengi waliona njaa kali, vitabu vya zamani vilipita hapo upesi mno.) Mkuu wa askari, Baden-Powell, akaona ya kuwa mtoto akiaminiwa kazi ya kweli huitimiza. Mwaka 1907 alilijaribu jambo hilo pasipo vita, akapiga kambi na wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza.

Uzee wake aliumalizia Nyeri, Kenya, akafa 8 Januari 1941. Katika jiwe la kaburi lake pana duara yenye nukta katikati. Ni alama ya njiani ya skauti, maana yake, Nimekwenda nyumbani.

Walimu wa Kunduchi wana mahali pema pa kufundishia alama hizi, yaani mchanga wa pwani. Lakini zichorwe juu ya mpaka wa maji kujaa, ama sivyo bahari itazifuta kabla kundi la pili halijafika. Na kundi la mwisho lifute kila alama, kwani mshale uliosahauliwa huweza kumpeleka mtoto mwingine mikokoni jioni, na maji yaja.