Kifungashio Huhukumiwa Jikoni: Ya Kufanya na ya Kutofanya kwa Wauza Chakula cha Kupasha

Saa saba mchana, katika jiko la ofisi moja pale Posta, Dar es Salaam, nilimwona dada mmoja akitoa bakuli la wali na samaki wa nazi kwenye maikrowevu. Kwa nje bakuli lilipendeza: picha safi, jina la biashara kwa rangi ya dhahabu, kifuniko kinachong'aa. Kwa ndani, ukingo wa plastiki ulikuwa umelegea pale tui lilipochemkia, na vipande vyake vyembamba vimegandana na wali. Dada yule alikwangua ya pembeni akaitupa, akala ya katikati. Alikuwa na njaa, na mapumziko yake yalikuwa yanaisha.

Aliyebuni bakuli lile alimfikiria mnunuzi aliyesimama mbele ya friza ya duka. Mlaji aliyesimama mbele ya moto hakumfikiria kabisa. Masharti haya nawaandikia wote wanaofungasha pilau, maharage, kisamvu, makange au mchuzi ili mtu akapashe kwake. Ni makali, kwa kuwa kosa la kifungashio huishia tumboni mwa mtu.

Anza na moto uliopo nyumbani kwa mlaji. Kabla hujachagua rangi wala jina, jiulize chakula chako kitapashwa na nini. Katika nyumba nyingi za Dar, Mwanza, Mombasa na Kisumu jibu ni sufuria juu ya gesi au mkaa. Maikrowevu utaikuta ofisini na katika nyumba chache. Waliotutangulia katika biashara hii walilielewa jambo hilo. Kampuni ya Swanson ya Marekani ilipoeneza chakula chake cha kupasha mwaka 1954, ilikiweka kwenye trei ya alumini, kwa kuwa jiko la Mmarekani wa wakati ule lilikuwa oveni. Maikrowevu zilipojaa majumbani, mwaka 1986 trei ile iliachwa, ikaja ya plastiki. Huko Japani, kampuni ya Otsuka ilianza kuuza Bon Curry mwaka 1968, mchuzi ulio ndani ya mfuko unaozamishwa kwenye maji yanayochemka. Kila mmoja alitazama kwanza jiko la mteja wake. Kwa wengi wetu, kifungashio kinachofaa ni hicho cha Wajapani: mfuko imara wa kutumbukizwa kwenye sufuria. Inanisikitisha kuona mjasiriamali wa Mbagala akihangaika na bakuli la maikrowevu kwa sababu tu ameliona supamaketi, wakati wateja wake watalazimika kukihamishia chakula kwenye sufuria hata hivyo.

Usinunue plastiki kwa macho. Pindua chombo utafute pembetatu yenye namba. Namba 1 ni plastiki ya chupa za maji. Huanza kulegea joto likifika nyuzi 70 na kitu, kwa hiyo haifai kupashia. Namba 6 ndiyo ya yale maboksi meupe mepesi ya chipsi. Nayo hulegea kabla ya nyuzi 100 au karibu na hapo. Namba 5, yaani polipropilini, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na ndiyo ya kutafuta kwa maikrowevu. Kama chakula kitaingia kwenye oveni, hata namba 5 iache. Tumia alumini, au ile plastiki maalumu ya trei za oveni iitwayo CPET, ambayo huvumilia mpaka nyuzi 220 hivi.

Hapa wengi hukosea hesabu. Wanasema: maji huchemka kwa nyuzi 100, basi chombo cha kuvumilia nyuzi 100 kinatosha. Maji huishia hapo, lakini mafuta hayaishii hapo. Samli ya biriani, mafuta ya nyama ya mbavu na tui zito lililotoa mafuta hupanda zaidi ya nyuzi 100, tena hupanda hasa kwenye ukingo, pale chakula kinapogusa chombo. Ndicho kilichoonekana kwenye bakuli la yule dada. Kijaribu chombo chako kwa chakula chako chenye mafuta kuliko vyote, usikijaribu kwa wali mweupe. Na mdai muuzaji karatasi inayoeleza kuwa chombo ni cha chakula na kinaruhusiwa kupashiwa, ikitaja joto la mwisho. Neno "hakina shida" la muuzaji wa Kariakoo si cheti.

Usiweke ukwaju, ndimu wala nyanya kwenye alumini tupu. Asidi hula alumini. Samaki wa kupaka aliyekaa siku kadhaa kwenye trei hiyo hupata ladha ya chuma, na trei yenyewe huweza kutoboka vitundu vidogo. Tafuta trei iliyopakwa utando wa ndani, au badilisha chombo.

Usifunge kwa pini za stepla. Pini hutoa cheche kwenye maikrowevu, na nyingine huingia kwenye chakula. Ziba kwa mashine ya joto.

Usifungashe chakula kikiwa bado kinatoa mvuke, wala usikiache mezani kipoe chenyewe kwa saa nyingi. Haya ni makosa mawili, na mtu akikwepa moja huangukia la pili. Ukifunika chakula cha moto, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, wali hulowa na friza hupata joto. Ukikiacha kwenye sufuria kubwa mpaka jioni, vijidudu huzaliana. Kanuni inayotumika Marekani ni hii: kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi nyuzi 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Njia yake ni rahisi: kimwage kwenye sinia pana kwa kina kifupi, weka sinia juu ya barafu, ndipo ufungashe. Wali na pilau viwekee ulinzi mkali kuliko vyote. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, kisha huamka wali ukikaa uvuguvugu, na moja ya sumu zake haiharibiki hata ukipasha upya. Mlaji atapasha vizuri na bado ataugua. Lawama ni yako, hata kama kifungashio chako ni kizuri namna gani.

Usidhani kuondoa hewa ni kuhifadhi. Sharti hili nalisisitiza kuliko mengine, kwa sababu mashine ndogo za kuondoa hewa sasa zinapatikana kwa bei ambayo hata mama ntilie anaweza kuimudu, na wanaoziuza husema chakula kitakaa miezi bila friji. Maneno hayo ni ya hatari. Kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum ambaye hustawi mahali pasipo hewa. Mbegu zake hazifi kwa kuchemsha. Huhitaji nyuzi 121, joto linalopatikana kwa mvuke wa shinikizo tu, na lazima likae dakika kadhaa mpaka katikati ya chakula. Akiota ndani ya mfuko wa maharage, nyama, samaki au kisamvu, vyakula visivyo na uchachu wa kumzuia, hutoa sumu inayopooza mwili na kuua. Mfuko huenda usivimbe. Harufu huenda isibadilike.

Viwanda vinavyouza mchuzi unaokaa kabatini bila friji huupika upya ukiwa ndani ya mfuko uliozibwa, kwenye mtungi mkubwa wa shinikizo, kwa muda uliopimwa na mtaalamu kwa kila chakula na kila ukubwa wa mfuko. Mfuko wenyewe hujengwa kwa tabaka za plastiki na foili ili ustahimili joto hilo. Kama huna mtungi huo na mtaalamu huyo, chakula chako ni cha friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, na lebo yako iseme hivyo kwa herufi kubwa. Hakuna njia ya katikati.

Tenganisha kizito na chepesi, na punguza kina. Mawimbi ya maikrowevu huingia sentimita chache tu ndani ya chakula. Ukijaza bakuli refu kwa ugali na kumwagia mchuzi juu, mchuzi utachemka na ugali utabaki na barafu katikati. Chombo kiwe kipana na kifupi, kona zake ziwe za mviringo kwa kuwa kona kali huunguza, na mchuzi upate chumba chake. Kwa mfuko wa sufuria kanuni ni ileile: ulaze chakula bapa kabla hakijaganda. Mfuko bapa hupashika mapema na hupangika vizuri frizani.

Uachie mvuke njia. Kama utando wa juu hautoboki kwa urahisi, mlaji ataung'oa kwa nguvu na mvuke utamchoma mkono. Weka kona moja isiyozibwa hadi mwisho, ya kushikia.

Andika maelekezo ya vitendo, kwa Kiswahili. "Pasha vizuri kabla ya kula" si maelekezo. Mlaji anataka kujua afanye nini kwa mkono wake: "Usifungue mfuko. Utumbukize kwenye maji yanayochemka. Subiri dakika 15. Utoe kwa koleo, uache dakika 2, kata kona." Dakika hizo uzipime mwenyewe kwa kipimajoto, mpaka katikati ya chakula ifike nyuzi 75, ukianza na mfuko uliotoka frizani. Ukiandika ya maikrowevu, taja nguvu yake kwa wati, kwani dakika zinazotosha kwenye maikrowevu ya wati 1000 hazitoshi kwenye ya wati 700. Kama chombo hakiruhusiwi maikrowevu, sema hivyo upande wa mbele, usifiche chini. Na herufi zako mpe bibi azisome jioni kwenye jiko lenye taa moja. Akishindwa, zikuze, hata kama picha itapungua.

Usichapishe picha ya nyama usiyoitia. Mtu aliyeona vipande sita kwenye boksi akakuta viwili hatarudi.

Lebo isiwe na pengo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinaeleza yanayotakiwa: jina la chakula, viambato kuanzia kilicho kingi, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe, namba ya toleo, namna ya kuhifadhi na ya kutumia. Kwa Tanzania, usajili wa chakula uko kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu mwaka 2019, na uzito unakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Karanga zitaje waziwazi, ziwemo hata kijiko kimoja kwenye mchicha. Vivyo hivyo maziwa, mayai, ngano, soya, samaki na kamba. Kuna watu ambao kwao neno hilo moja ndilo uhai. Neno "Halali" usiliandike kwa imani yako binafsi, bali kwa cheti kutoka chombo kinachotambulika, kama BAKWATA kwa Tanzania. Namba ya toleo wengi huiona ni urembo wa viwanda vikubwa. Siku moja utapigiwa simu kwamba mtu ameugua. Bila namba hiyo utalazimika kuondoa kila kitu sokoni, au, vibaya zaidi, hutaondoa chochote.

Fikiria umeme unapokatika. Chakula kikiyeyuka na kuganda tena dukani, boksi la karatasi hulowa, wino huchuruzika, gundi ya lebo huachia, na tarehe hupotea pamoja nayo. Tumia wino na gundi za frizani, na uchape tarehe juu ya mfuko wenyewe, siyo kwenye lebo ya kubandika pekee. Mweleze mnunuzi ishara za chakula kilichowahi kuyeyuka: barafu nene ndani ya mfuko na chakula kilichogandana upande mmoja. Andika: "Ukiona hivi, usinunue." Utapoteza mauzo ya siku hiyo. Yapoteze.

Usimwachie mlaji taka isiyo na pa kwenda. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania bara tarehe 1 Juni 2019. Vifungashio vya chakula cha viwandani viliachwa nje ya marufuku hiyo, na nafasi hiyo tusiichezee. Kwa chakula cha friza tumia mfuko wa plastiki ya aina moja, ambao waokota taka wanaweza kuuza. Foili iliyounganishwa na plastiki haitenganishwi kirahisi, kwa hiyo iwe kwa chakula kinachoihitaji kweli. Boksi la nje, kama kazi yake ni kubeba picha tu, liondoe.

Jaribu kabla ya kuchapa. Mpiga chapa atakushawishi kuagiza vifungashio elfu kumi kwa kuwa bei ya kimoja hushuka. Kataa. Chukua ishirini visivyo na chapa, jaza, gandisha wiki mbili, kisha uwagawie watu wenye majiko tofauti: mwenye gesi, mwenye mkaa, mwenye maikrowevu ya ofisini. Nenda ukasimame pembeni, usiseme neno, umtazame kila mmoja akifungua na kupasha. Kifungashio kitakachomchoma, kumchanganya au kulegea mbele yake kirudishe mezani, hata kama umekwisha kulipia mchoro.