Mafuta ya Taa Hupatikanaje?

Mafuta tutiayo katika taa zetu hayatoki ardhini yakiwa safi hivyo. Yachimbwapo huwa mazito, meusi, yenye harufu kali. Asili yake ni viumbe vidogo vya baharini vilivyofunikwa na matope mamilioni ya miaka yaliyopita. Mwaka 1859 Edwin Drake, akitafuta mafuta ya kuwashia taa, aliyapata huko Titusville, Marekani, katika kisima cha futi 69 hivi.

Kuyasafisha hufanana na chungu kilichofunikwa: mvuke hupanda, ukigusa kifuniko hupoa na kuwa maji. Mafuta hayo huchemshwa tanuruni, kadiri ya digrii 350 au zaidi, kisha mvuke wake huingizwa katika mnara mrefu. Petroli, iliyo nyepesi, hufika juu. Mafuta ya taa hupoa katikati. Dizeli chini yake. Lami ni masazo.

Basi na tujihadhari. Petroli hutoa mvuke hata bila kupashwa moto, na mvuke huo huwaka mara moja. Ikichanganyika na mafuta ya taa, hata kidogo, taa yaweza kulipuka na kuteketeza nyumba. Tusitie kamwe mafuta ya taa katika debe lililokuwa na petroli.