Subira: Mada Ndogo Inayopoteza Alama

Watahiniwa wengi huandika kwamba subira ni kunyamaza na kuvumilia. Hiyo ni nusu ya jibu. Subira ni kudumu katika kumtii Allah (s.w.), kujizuia na maasi, na kuwa thabiti misiba inapofika.

Soma Suratul-Baqara aya ya 155. Inataja mitihani mitano: hofu, njaa, na upungufu wa mali, wa watu na wa mazao. Kama kwenu ni Serengeti, kwenye kijiji kinachopakana na hifadhi, huo wa mwisho huhitaji kufafanuliwa. Tembo wanaingia usiku mmoja, na mahindi ya kukununulia sare hayapo tena. Mwenye subira hakati tamaa, wala halali tu. Anaswali, anatoa taarifa ofisi ya kijiji, anapanda tena mvua ikiruhusu. Kisha ndiyo tawakkul: kumwachia Allah baada ya kufanya sehemu yako.

Mfano wa kuandika: mwaka wa 10 wa Utume, Mtume (s.a.w.) alifiwa na Bi Khadija na Abu Talib, kisha akapigwa mawe Taif. Aliomba dua, hakuwaapiza, akarudi Makka kuendelea kulingania. Eleza alichofanya, siyo yaliyompata tu. Wengi huishia kwenye mawe.