SOMO LA URAIA: JEMBE NA NYUMBA KATIKA BONDE LA LUKULEDI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba ukurasa huu unaendelea na masomo juu ya historia ya uchaguzi. Safari hii tunavuka bahari kuelekea Kusini, kwenye bonde la Lukuledi na uwanda wa Makonde, yaani Masasi na Newala.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mwaka 1958 na 1959. Haki ya kupiga kura ilikuwa ya mwenye kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au wadhifa uliotajwa na sheria. Mwalimu aliyesomea shule ya misheni aliweza kujiandikisha. Baba yake mkulima aliyemlipia ada hakuweza. Aliyeandikishwa naye alibanwa na sharti la kura tatu: amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake huharibika. TANU ililikubali sharti hilo katika mkutano wa Tabora, Januari 1958. Ndugu Zuberi Mtemvu hakuridhika, akajitoa na kuunda African National Congress.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, lakini kati ya viti 71, viti 58 vilipata wabunge bila kupingwa. Hivyo basi nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961 hali ya kuwa raia walio wengi hawajawahi kutumbukiza karatasi sandukuni. Nafasi hiyo ilikuja Novemba 1962, katika uchaguzi wa Rais: Mwalimu Julius Nyerere alipata kura 1,127,978 na Ndugu Mtemvu kura 21,276.

Uchaguzi unaostahili kuzingatiwa zaidi ni ule wa Septemba 1965, uliofanyika chini ya chama kimoja. Kila jimbo la Bara lilitakiwa kuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Alama hizo zilikusudiwa kuwa kimya, lakini hazikunyamaza. Wa jembe alihubiri kwamba pasipo jembe hapana chakula. Wa nyumba aliuliza, mkulima akishachoka atalala wapi? Ni rahisi kukisia hoja ipi ilikuwa na uzito kwa watu wa muhogo na korosho, ingawa katika uwanda wa Makonde, ambako akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji, pengine alama ya mtungi ingewashinda wote wawili.

Wagombea walihutubia jukwaa moja. Ilikatazwa kutaja kabila, rangi au dini, wala kudai kuwa Rais anamuunga mkono mmoja wao. Ilikatazwa pia kutumia lugha yoyote isipokuwa Kiswahili. Sharti hili lilikuwa na hekima, maana Masasi na Newala wamo Wamakonde, Wayao na Wamakua, na mgombea angeweza kusema hili kwa Kimakonde na lile kwa Kiyao. Hata hivyo lilikuwa na gharama yake: bibi wa kijijini ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu alisikiliza hotuba nusu nusu, kisha akatakiwa kuamua.

Na uamuzi ulikuwa wa kweli. Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, alishindwa jimboni kwake Mwanza. Ni kweli kwamba alirejea Bungeni kwa uteuzi wa Rais, na msomaji ana haki ya kuliangalia jambo hilo kwa jicho lake. Lakini wapiga kura walikuwa wamekwisha kuona kwamba waziri naye huondolewa kwa karatasi, bila fujo.

Jembe na nyumba ziliendelea hadi uchaguzi wa 1990. Tarehe 29 Oktoba, 1995, vyama vingi viliporejea katika uchaguzi wa Muungano, alama zilikuwa za vyama, na aliyechaguliwa kuwa Rais kwa asilimia 61.8 ya kura alikuwa Ndugu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi.