Tungamo Dogo, Shimo Refu

Muhula huu niliaibika darasani, na katika aibu hiyo nilijifunza jambo ambalo napenda kuwaeleza wenzangu.

Mwalimu wetu wa hesabu alileta tufe la dunia. Kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta ni kilometa 10,000 hivi. Kama uso wa dunia ungekuwa tambarare, duara lenye nusu ya kipenyo kiasi hicho lingekuwa na mzingo wa kilometa 62,800. Lakini Ikweta ni kilometa 40,000 tu. Upungufu huo ndio dalili ya mpindo.

Anga nayo hupinda, kama Einstein alivyoeleza mwaka 1915, na kinachoipinda ni tungamo, yaani wingi wa vitu. Mpindo wake twaweza kuupima kwa ujazo: tufe dogo likiwa na ujazo pungufu kuliko kawaida, mpindo ni chanya, likizidi, ni hasi. Mwaka 1979 Richard Schoen na Shing-Tung Yau walithibitisha kwamba, ikiwa mpindo huo si hasi popote, na mbali sana anga yanyooka, basi tungamo la jumla haliwezi kuwa chini ya sifuri. Likiwa sifuri kamili, anga yote ni nyoofu.

Mwalimu akauliza, "Je, tungamo likikaribia sifuri, anga itakaribia kunyooka kila mahali?"

Nikasimama upesi. "Ndiyo, Mwalimu!"

Hakunikemea. Alitupeleka shambani, akachomeka kijiti kirefu katika tundu la panya. Kikazama chote.

"Shamba hili ni tambarare?"

"Ndiyo, isipokuwa hapa," nikajibu.

"Basi, anga yenye tungamo dogo yaweza kuwa na mashimo kama hili: mdomo mwembamba, kina kirefu."

Nilinyamaza. Nilikuwa nimedhani sababu ndogo haiwezi kuzaa shimo refu.

Jibu lenyewe lilipatikana mwaka 2023. Conghan Dong na Antoine Song walithibitisha, kwa anga ya pande tatu, kwamba tukiyakata mashimo hayo, ambayo midomo yake ina eneo dogo, sehemu iliyobaki hukaribia kunyooka kadiri tungamo linavyopungua.

Ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza, msiharakie kusema "ndiyo". Tafuteni kwanza tundu la panya. Nanyi wazazi wa Murungu, mkituona tunachomeka vijiti mashambani, msidhani tunacheza.